Kicheko cha Kiherehere

Mimi si mtu wa makundi ya kwenye simu. La ukoo nilishatoka, la majirani nilishatoka, maana watu hawana haya: asubuhi picha za maua, mchana umbea, jioni ugomvi. Kwa hiyo mteja wangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, aliponiambia kuna kundi la wapenzi wa Ukuta Mwembamba, nilimwambia atulie nisije nikamchoma sikio. Halafu mkono wangu ukabaki hewani na lile chanuo la moto.

"Umesema wapenzi wa nini?"

"Ukuta Mwembamba, dada. Ule mchezo wa kuchekesha, wa kwenye televisheni ya zamani. Ina maana huukumbuki?"

Eti siukumbuki! Nilimeza mate nikaendelea kunyoosha nywele zake, lakini kabla hajalipa na kuondoka nilimwambia aniingize.

Kwa mliozaliwa juzi, ngoja niwaeleze. Ukuta Mwembamba ulikuwa mchezo wa kila wiki. Mume, mke na mama mkwe wamepanga vyumba viwili, na ukuta unaowatenga na jirani ni mwembamba kama biskuti. Wakigombana, jirani anasikia. Wakificha kitu, jirani anajua kilipo. Jirani mwenyewe haonekani hata siku moja, ni sauti tu, nzito, ya mtu aliyeshiba usingizi. Mama mkwe ananong'ona siri yake, mke ananyata kwenda kuweka sikio ukutani, na ukuta unajibu: "Mimi nimelala, sisikii kitu!" Hapo watu hoi, mbavu hawana. Enzi hizo ukimuuliza mtoto nani kavunja kikombe, anakujibu vivyo hivyo, amelala, hasikii kitu, na kiboko kinakuponyoka mkononi kwa kucheka.

Jirani huyo alikuwa baba yangu.

Hakuna aliyejua. Majina ya waigizaji yalipopita mwishoni, kwake yeye waliandika "Jirani: hatumfahamu", ndio utani wa mwongozaji wao, na baba alimuahidi mwongozaji kwamba hatasema. Mchana alikuwa karani wa stoo, jioni za kurekodi alikuwa ukuta. Mwongozaji alishakufa, stoo ilishafungwa, na baba bado alikuwa ameshika ahadi yake kama mtoto aliyetumwa chumvi. Sasa alikuwa amelala kwenye chumba cha nyuma ya saluni yangu, macho yameshazimika, na moyo wake daktari alisema umechoka, tusimpandishe ngazi wala hasira. Chakula alikuwa anakisukuma. Ukimuuliza anataka nini, anasema hataki kitu, na alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililokuwa linanikata maini.

Basi jioni nikishafagia nywele sakafuni, nakaa pembeni ya kitanda chake namsomea mambo ya kundi.

Mkubwa wa kundi walikuwa wanamwita Kamusi, fundi wa televisheni, mtu wa makamo, na jina lilimfaa. Alikuwa anajua vitu ambavyo mtu mwenye akili timamu hana sababu ya kuvijua. Kwamba mama mkwe alikuwa mdogo kiumri kuliko huyo mkwe wake. Kwamba saa ya ukutani haikuwa na mashine, ndiyo maana familia ile ilikula chakula cha mchana na cha usiku saa ileile. Kwamba siku moja mlango ulianguka kweli, mama mkwe akaudaka kwa mgongo, akaendelea kumsema mkwewe huku kabeba mlango, na haikuwa kwenye maandishi.

"Kweli kabisa," baba akasema. "Aliumia bega wiki nzima, maskini."

"Wanasema chai ilikuwa chai kweli."

"Chai gani! Maji na sukari iliyounguzwa. Na waulize kuhusu paka. Wanadhani alikuwa mmoja, si ndiyo? Walikuwa wawili. Mmoja alikuwa anauma, yule alipigwa picha za mbali tu."

Na walivyobishana Jirani alikuwa nani! Mmoja aliapa ni mwongozaji mwenyewe. Mwingine akasema ni yule mume, alikuwa anaingiza kichwa kwenye ndoo. Mwingine, tena msomi huyo, aliandika maelezo marefu kuthibitisha kwamba haikuwa sauti ya binadamu. Baba alicheka mpaka akakohoa, nikamwinua nikampa maji. Siku ile alikula. Nikasema moyoni, kumbe dawa yenyewe ni hii.

Halafu siku moja nikasoma bila kutazama mbele. Mtu kaandika: mnamkumbuka yule mwanamke kwenye watazamaji, aliyekuwa anacheka kabla ya utani kufika? Loo, walivyomrukia! Kiherehere! Walikuwa na jina lake kabisa. Eti alikuwa anawaharibia kila kitu. Mtu hajafungua mdomo, yeye keshacheka. Nani alikuwa anamfungulia mlango? Hakuwa na kwao? Kamusi naye akaandika kwamba angekuwa na uwezo wa kubadilisha jambo moja tu kwenye Ukuta Mwembamba, angemtoa Kiherehere nje.

Nilikuwa nacheka, nikamwangalia baba. Yeye hakuwa anacheka.

"Huyo ni mama yako," akasema.

Mama yangu alikuwa nesi wa wodi ya wazazi. Alikufa mwaka uleule mchezo ulipokwisha, mimi ndiyo kwanza naanza shule. Nakumbuka viatu vyake vyeupe, nakumbuka mikono yake inavyonuka sabuni ya hospitali. Sauti yake siikumbuki. Nasema ukweli, siikumbuki, na nimeshalia juu ya jambo hilo mpaka nimechoka. Picha zake zipo. Video ya harusi yao ipo, lakini mpiga video, Mungu amsamehe, alimwaga muziki juu ya kila kitu: unamwona mama anafungua mdomo acheke, inatoka tarumbeta. Watu wazima walikuwa wananiambia nikicheka nacheka kama yeye. Sasa mimi nitajuaje?

"Alikuwa anawahi kwa sababu yangu," baba akasema. "Mimi niko nyuma ya ukuta, sioni kitu. Yule mke kwenye mchezo anakwenda kwa kunyata, anaweka sikio ukutani, na mimi natakiwa niseme pale pale, nikichelewa utani umekufa. Waliniwekea taa ya kunipa ishara. Taa ikaungua wiki ya pili, kila siku wataibadilisha, kila siku wataibadilisha. Mama yako alikuwa ananishikia maandishi nyumbani tukifanya mazoezi, anajua kila kitu. Akasema, we sikiliza tu, mimi nitacheka. Akawa anatoka kazini moja kwa moja na sare yake, anakaa mstari wa mbele. Yule akianza kunyata tu, mama yako anacheka, mimi nasema. Hao wenzako wasingecheka hata siku moja bila huyo Kiherehere wao."

Nilichukua simu niwatapikie yote niliyokuwa nayo. Baba akanizuia, ahadi ni ahadi. Nikabaki na hasira zangu mkononi.

Na kulikuwa na jambo jingine waliloliabudu kwenye lile kundi, walikuwa wanaliita ukimya wa mwisho. Katika mchezo wa mwisho kabisa familia inahama. Mizigo iko mlangoni, mke anarudi peke yake, anaweka kiganja ukutani, anasema, "Jirani, sisi tunaondoka. Utatukumbuka?" Na ukuta haujibu. Haujibu, haujibu, mpaka watu majumbani wakadhani televisheni imeharibika. Ndipo unajibu. Watu walikuwa wanaandika makala juu ya ukimya huo. Ujasiri wa mwongozaji! Sanaa! Nilimsomea baba sifa zote hizo nikamuuliza ilikuwaje.

"Endelea kusoma," akaniambia.

Sasa lazima mjue kwamba Ukuta Mwembamba haupo tena. Kanda zilikuwa adimu, kituo kikawa kinarekodi mpira juu ya kanda zilezile. Kicheko chote kile kikafutwa na magoli ya timu ambazo hata hazikushinda. Kwa hiyo siku Kamusi alipoandika kwamba imepatikana kanda moja, ya mchezo wa mwisho, kabatini kwa mjane wa mpiga picha wao, na kwamba yeye ameshainakili na ataionyesha kwenye ukumbi wa shule ya yule mwalimu, kundi liliwaka moto. Mimi nilimsomea baba, nikasikia kitanda kinalia. Ameketi. Mtu aliyekuwa hageuki bila kushikwa, ameketi.

"Basi mama yako yumo," akasema. "Mwanangu, nipeleke. Nataka nimsikie pale mwishoni. Pale tu, basi, sitakusumbua tena na kitu."

Kuanzia hapo akawa anakula kila siku. Akaulizia shati lake la mikono mirefu, akataka lipigwe pasi, siku bado hazijafika. Akaniambia ahadi yake anailegeza sasa, mwongozaji atamwelewa, niwaambie kwamba Jirani yu hai. Nikamwandikia Kamusi faraghani. Akanijibu kwamba matapeli wa aina yangu wameshamfikia wengi. Nikamwambia njoo saluni, ukiona natapeli nikunyoe bure.

Alikuja. Jitu la kitambi, shati limepauka kwapani, mkononi kashika mfuko wa vifaa kama aliyeitwa kutengeneza friji. Wateja wangu wawili walikuwa chini ya makofia ya kukaushia nywele, wakatoa vichwa. Nikamwambia akae. Kabla hajakaa, kutoka chumba cha nyuma, nyuma ya pazia, sauti ikasema taratibu:

"Mimi nimelala, sisikii kitu."

Kamusi aliketi, lakini si kwenye kiti. Aliketi sakafuni kwenye nywele za watu akalia kama mtoto aliyepotea sokoni, wateja wangu wakawa wanampa taulo. Ilibidi nicheke. Jamani, hata mimi nilimpenda pale.

Tulipomwingiza kwa baba alimshika mikono yote miwili, hataki kuiachia. Akamwambia mzee, nimekutafuta maisha yangu yote. Akamwambia atajengewa ukuta, wa mbao nyembamba, pale ukumbini, na baada ya kanda atasimama nyuma yake aseme maneno yake mbele ya watu. Baba akakubali kila kitu. Halafu akauliza:

"Na watu wamo? Waliokuwa ukumbini siku ile, wanasikika?"

"Kwa nini, mzee?"

"Mke wangu yumo. Yule mnayemwita Kiherehere."

Mimi nilikuwa namtazama Kamusi usoni. Rangi ilimtoka. Akasema, "Wamo, mzee. Wamo," akaaga haraka haraka, na karibu auache mfuko wake.

Nilimfuata mpaka nje. Nikamwambia, "Wewe, hebu simama. Nini?"

Alinieleza akiangalia viatu vyake. Kanda ilikuwa imeoza. Kanda za namna ile unazipasha moto kidogo kwenye oveni, halafu unazicheza mara moja, moja tu, maana zikipita kwenye mashine zinaacha ngozi yao yote pale, unabaki na utepe mtupu na vumbi la kahawia. Na sauti ilikuwa imerekodiwa kwenye njia mbili: moja ya waigizaji, nyingine ya watazamaji. Ile ya watazamaji ilikuwa inaunguruma. Na kwa miaka watu wote kwenye kundi walikuwa wanasema, laiti tungeusikia utani bila Kiherehere. Akataka kuwapa zawadi.

"Nilichukua njia moja," akasema. "Ya waigizaji."

"Na nyingine?"

"Ni lile vumbi, dada."

Sitawaambia nilichomtukana. Wateja wangu walisikia, na mmoja ni mke wa mchungaji, akaniambia baadaye kwamba mengine alikuwa hayajui. Nilimwambia yeye si mpenzi wa kitu chochote, mpenzi gani anamfukuza mtu aliyekuwa anauendesha mchezo wenyewe? Nilimpiga na taulo. Akasimama tu akapigwa. Nilipochoka nikakaa kizingitini nikalia, maana hasara haikuwa ya baba peke yake. Mimi pia nilikuwa nimeshaanza kungoja. Nilikuwa nataka nimsikie mama yangu, na katika kulia nikamwambia hata hilo la watu kusema nacheka kama yeye.

"Mwambie ukweli," Kamusi akasema.

"Nimwambie nini? Shati lake limeshapigwa pasi."

Ndipo akasema, kwa sauti ya mtu anayeogopa taulo, kwamba alinisikia nilivyocheka yeye alipokuwa pale sakafuni. Na kwamba kama ni kweli watu wanasema nacheka kama marehemu, anaweza kukirekodi kicheko changu, akakikwaruza kidogo kizeeke, akakipandikiza mahali pake. Yeye anakumbuka kila mahali Kiherehere alipokuwa anacheka. Mzee hatajua.

Nilipaswa kumfukuza. Lakini nilimfikiria baba anakaa kwenye ule ukumbi anangoja, na kanda inapita, na hakuna mtu. Nikamuuliza karakana yake iko wapi.

Karakana ilikuwa chumba kimoja kimejaa televisheni zilizofumuliwa. Alinikalisha mbele ya maikrofoni, akaning'iniza blanketi nyuma yangu, akasema, "Haya, cheka." Jaribuni ninyi. Jaribuni kucheka mtu akikuambia cheka, mbele ya blanketi, kwa ajili ya mama yako aliyekufa. Nilitoa sauti kama ya kuku. Akanisimulia habari ya mlango ulioanguka, na ya paka anayeuma, na jinsi yule msomi alivyofuta maelezo yake yote baada ya kusikia kuwa Jirani ni binadamu, na pole pole vicheko vikaja, vikubwa, vya kutoka tumboni. Kamusi akawa anatikisa kichwa kwa furaha. "Huyo! Huyo ndiye Kiherehere mwenyewe!"

Halafu akasema bado kimoja, cha mwisho, cha baada ya ukimya. Akanichezea kipande chenyewe: yule mke na kiganja chake ukutani, "Utatukumbuka?" na ukimya. Nikafungua mdomo nicheke, katikati kicheko kikakatika kikawa kilio, nikakirudisha kikawa kicheko tena, kidogo, chembamba, chenye makamasi. Aibu tupu.

"Pole, dada. Hicho nakifuta," Kamusi akasema. Akabonyeza, kikafutika. Akachagua kimoja cha vile vizuri, cha mlango, akakiweka pale.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Watu wazima na vipara vyao, wanawake wenye wajukuu, wote wanasukumana kama watoto wa darasa la kwanza. Kamusi alikuwa ameshawaambia Kiherehere alikuwa nani na alikuwa anafanya nini pale mstari wa mbele, na waliomtukana walikuja mmoja mmoja kumshika baba mkono na kumwomba radhi. Baba alikuwa amevaa shati lake. Alikuwa anawauliza, "Umekaa vizuri? Unaona?" utadhani ni mwenye nyumba na wao wageni wake. Sikuwa nimemwona na furaha namna ile tangu macho yamzime.

Taa zikazimwa, kanda ikaanza. Picha ilikuwa na chenga, lakini wote walikuwepo, mama mkwe, mume kabeba ndoo, saa iliyosimama. Mke akaanza kunyata kwenda ukutani, na kicheko changu kikatoka kwenye spika, kimekwaruzwa, kimezeeka, kimewahi. Ukumbi ukapiga makofi. "Kiherehere! Huyo Kiherehere wetu!" Mkono wa baba ukaukamata wangu kwa nguvu. Nikajisemea, ameamini, asante Mungu, ameamini.

Kicheko cha pili, mkono ukalegea kidogo. Cha tatu, ukatulia tu juu ya goti langu. Sikuthubutu kumtazama.

Ukafika mwisho. Mizigo mlangoni. Mke akarudi, akaweka kiganja. "Jirani, sisi tunaondoka. Utatukumbuka?" Na ukimya ule. Ukumbi mzima uliacha kupumua. Kikaja kicheko changu, kizuri, cha mviringo, cha mtu asiye na shida yoyote duniani. Na sauti ya baba yangu, ya baba yangu kijana, ikasema, "Mimi nimelala, sisikii kitu." Watu wakasimama wakipiga makofi na kufuta machozi.

Baba akaniinamia sikioni.

"Siku ile mama yako hakucheka hivyo."

Nikamsogezea sikio zaidi.

"Alikuwa ametoka kuchukua majibu yake hospitali. Hakutaka kuniambia mpaka nimalize kazi. Mimi nimesimama nyuma ya ukuta, namngoja. Nangoja, hacheki. Nikajua. Hajaniambia mtu, lakini nikajua pale pale kwamba anakufa. Huo ukimya wanaousifu, ni mimi nilikuwa najua." Akapumua. "Halafu akacheka. Kidogo tu, huku analia, ili niseme maneno yangu. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka, mwanangu. Hicho kimoja."

Nikajiona nimekaa mbele ya blanketi la Kamusi, na kidole chake kinabonyeza.

"Ni wewe, si ndiyo?" baba akasema.

"Ni mimi, baba. Nisamehe. Sauti yake mama haikusalimika."

"Nilijua tangu cha pili." Akanipapasa mkono. "Umecheka vizuri lakini."

Kamusi alikuwa ameshapanda jukwaani anaita Jirani, Jirani, na ukumbi wote unaita naye. Nikamwambia baba twende nyumbani. Akasema watu wametoka mbali. Wakamshika huku na huku wakampeleka nyuma ya ule ukuta wa mbao, akapotea. Yule mwalimu mteja wangu ndiye aliyekuwa mke. Alivaa kitambaa kichwani, akanyata, watu wakaanza kucheka, akaweka kiganja chake ukutani.

"Jirani, sisi tunaondoka. Utatukumbuka?"

Ukuta haukujibu.

Watu wakatazamana wakatabasamu. Walidhani anawafanyia ukimya wao, ule wenyewe. Wengine wakashika simu juu wapige picha. Mwalimu hakujua afanye nini, akabaki na kiganja pale pale. Ukuta haukujibu. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, mahali alipokuwa anakaa mama na sare yake, na ni mimi peke yangu niliyejua kwamba yule mzee hakuwa anaigiza. Alikuwa anangoja. Asingesema mpaka achekewe, hakuwahi kusema bila kuchekewa.

Nikajaribu. Hakikutoka kitu. Nikajaribu tena, na kikatoka kilekile kilichofutwa, kidogo, chembamba, nusu kilio, chenye makamasi yake. Mtu wa nyuma yangu akanong'ona, "Anacheka nini huyu?"

"Mimi nimelala," ukuta ukasema. Ukanyamaza. "Sisikii kitu."

Ukumbi ukapasuka. Walicheka, walipiga miguu chini, walikumbatiana watu wasiojuana. Wakamngoja atoke ainame mbele yao, hakutoka. Kamusi akaniangalia. Nikapanda, nikazunguka nyuma ya mbao.

Baba alikuwa amesimama, paji la uso limegusa ukuta, kiganja kimebandikwa juu ya mbao, upande wa pili wa pale mwalimu alipokuwa ameweka chake. Mashavu yameloa mpaka kwenye kola ya lile shati. Nikamwambia, "Baba, wanakuita."

"Ngoja kidogo," akasema. "Bado wanacheka. Ngoja wamalize."

Nikaweka mkono wangu juu ya wake, tukasimama pale tukingoja wamalize.